UTU UZIMA SI UDHURU WA KUACHA ELIMU

Ndugu zetu wa Vitengeni, wako miongoni mwetu watamanio kusomea uafisa wa kliniki, wapime wagonjwa na kuwaandikia dawa, kisha husema: umri umetupita. Hoja hii ni dhaifu. Imamu Al-Qaffal al-Marwazi, katika wakuu wa madhehebu yetu ya Shafii, alikuwa fundi wa kufuli, wala hakushika kusoma ila alipokuwa na umri wa miaka kama 30.

Na utabibu ni fardhi ya kifaya: asipopatikana wa kuusimamia, dhambi ni ya wote. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi na kuuacha utabibu.

Njia i wazi. Aliyepungukiwa na alama za kidato cha nne aweza kuurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa binafsi. Stashahada ni miaka 3, kisha mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi. Chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu kina tawi hapo Kilifi.

Basi mwenye nia asione haya. Nasi tulio wengine, kwa kuwa fardhi ni yetu sote, karo nayo na iwe yetu: tupunguze karamu, tumsomeshe.