Maneno magumu ya Kiingereza: anzia wapi, acha yapi

Wanafunzi wa sekondari, wazazi, wanaojiandaa na mtihani wa Kiingereza wa IELTS na wafanyakazi wa maofisini wameuliza karibu jambo lilelile. Mwalimu wa Kiingereza anajibu.

Shikamoo mwalimu. Nina kitabu cha maneno magumu, nakariri kumi kila siku. Mbona nikishika gazeti la Kiingereza bado naachwa njiani?

Marahaba. Nahisi kitabu chako kimejaa akina "loquacious", yaani mtu wa maneno mengi. Ni neno halali kabisa, ila unaweza kusoma magazeti miezi na miezi usikutane nalo. Maneno 2,000 hivi ya msingi hubeba takriban nane katika kila maneno kumi ya andiko la kawaida, na hayo wengi wenu mnayo. Mnapokwama ni tabaka linalofuata. Mwaka 2000 Averil Coxhead, wa Chuo Kikuu cha Victoria mjini Wellington, New Zealand, alipekua maandiko ya kitaaluma akatoa orodha ya familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na matawi yake, yaliyo nje ya yale 2,000. Familia hizo peke yake ni kama asilimia 10 ya maneno yote katika maandiko ya vyuoni. Humo mna "derive", kutoa kitu katika chanzo chake, "infer", kung'amua kwa dalili, "albeit", ijapokuwa, "notwithstanding", licha ya. Hayana mbwembwe, na nadhani ndiyo sababu wauza vitabu vya "bombastic" hawayataki. Orodha hiyo inapatikana bure mtandaoni. Imalize kwanza, kisha urudi kwa "loquacious" ukipenda.

Mwalimu, kijana wangu yuko kidato cha nne. Historia anaijua vizuri, ukimsikiliza nyumbani utafurahi. Kwenye mtihani anaanguka.

Mzazi, swali lako ndilo zito kuliko yote hapa. Tanzania mtoto wa shule ya serikali husoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Walimu humpa maneno ya somo: "colonialism", "photosynthesis". Vitenzi vya swali lenyewe hakuna anayemfundisha, kila mwalimu akidhani ni kazi ya mwenzake.

Chukua "account for". Kijana anaona "account", anawaza benki au hesabu, anaanza kutaja tarehe. Swali linataka sababu. "Assess" inamtaka apime uzito wa jambo, aseme lilikuwa na nguvu kiasi gani na wapi lilipungua; yeye anasimulia tu. "Justify" ni kutetea kauli kwa hoja, na ajabu ni kwamba watoto wengi huipinga kauli waliyoambiwa waitetee. "Outline" ni kutaja mambo makuu kwa ufupi. Anayeandika kurasa tatu hapo anajinyima muda wa maswali mengine. Mtoto aliyeulizwa aeleze kwa nini vita vya Maji Maji vilipiganwa, akajaza ukurasa kwa matukio ya mwaka 1905 hadi 1907, historia anayo. Kilichomponza ni kitenzi kimoja.

Vitenzi hivi havizidi dazeni mbili. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita. Kabla hajagusa kalamu, akuambie kwa Kiswahili swali linataka nini. Asipoweza, asiandike. Huhitaji kujua Kiingereza ili kumsimamia katika zoezi hili.

Nimesikia ukijua mizizi ya Kilatini unafungua maneno mengi kwa mpigo. Kweli?

Nusu ni kweli. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walileta Kifaransa chao, na baadaye wasomi wakachota Kilatini moja kwa moja. Ndiyo maana jambo moja lina majina ya ngazi tofauti: "ask" ni ya mtaani, "question" ilikuja na Kifaransa, "interrogate" ni ya Kilatini na inanukia kituo cha polisi. Mara nyingi neno refu la kitaaluma lina mzizi wa Kilatini au Kigiriki. "Mal" ni ubaya: "malnutrition", utapiamlo, "malevolent", mwenye nia mbaya. Hata malaria ni Kiitaliano cha "hewa mbaya", maana watu waliamini homa hiyo inaletwa na hewa ya kwenye mabwawa.

Ila mizizi inadanganya. "In" huwa ni kukanusha, lakini "invaluable" ni kitu chenye thamani isiyokadirika, na "inflammable" ni kitu kinachoshika moto upesi. Neno hilo likiwa ubavuni mwa lori la mafuta, usiende kuvuta sigara hapo. Mzizi ukupe dhana, kamusi ithibitishe.

Nikitumia neno jipya kazini wenzangu wanacheka, hata kama maana yake naijua.

Maana unaijua, majirani zake huwajui. Mgeni akijua "kata" ni kutenganisha kwa kisu, ataelewaje kukata tiketi, kukata rufaa, kukata tamaa? Kiingereza nacho kiko hivyo. "Mitigate", kupunguza makali, hukaa na hatari, hasara au athari. Huwezi kuitumia kwa bei ya nyanya. Kwa hiyo daftarini usiandike neno pekee. Andika sentensi nzima uliyoikuta.

Na yapo maneno yenye ndimi mbili. "Sanction" ni kuidhinisha, pia ni kuwekea vikwazo. "Table" katika Bunge la Uingereza, na kwetu, ni kuwasilisha hoja. Marekani ni kuiweka kando. Barua pepe moja inaweza kuvuruga mkutano mzima.

Tena si lazima neno kubwa. George Orwell, mwandishi wa riwaya tuliyoisoma kama Shamba la Wanyama, alishauri katika insha yake ya mwaka 1946 kwamba neno fupi likitosha, refu liachwe. Bosi wako angeshukuru.

Nikijifunza leo, wiki ijayo nimesahau.

Kila mtu. Tumia kadi: mbele neno, nyuma sentensi na maana. Mwandishi Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 mtindo wa visanduku: kadi uliyoipata inasogea kisanduku cha mbele, kinachofunguliwa kwa nadra zaidi, uliyokosa inarudi cha kwanza. Programu ya Anki hufuata wazo kama hilo, na kwenye kompyuta na simu za Android ni bure.

Ninunue kamusi gani?

Anayeanza atumie ya Kiingereza-Kiswahili. Ile ya TUKI, iliyokuwa taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bado inafaa. Aliyevuka hapo achukue ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanafunzi wa kigeni, kama Oxford Advanced Learner's au Longman Dictionary of Contemporary English. Longman hufafanua maneno yake kwa msamiati wa kama maneno 2,000 tu, hivyo hutafuti neno moja ukaishia kutafuta matano. Zote mbili zinasomeka bure mtandaoni. Ukinunua ya mtumba, funua herufi ya mwisho kabla hujatoa hela, maana nyingi zimenyofoka kurasa.