Dondoo muhimu: Una kisukari na mkojo unachoma?

Dawa ya nyumbani haiondoi bakteria walioko kwenye kibofu. Kazi yake ni kukinga na kupunguza adha. Mkojo ukianza kuchoma, nenda kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo, upimwe mkojo na sukari.

Kunywa maji safi mara kwa mara, isipokuwa daktari amekuwekea kikomo kwa sababu ya figo au moyo. Usibane mkojo, hata ukiwa katikati ya mibuni msimu wa kuchuma. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva za kibofu, mkojo ukabaki ndani. Ukimaliza kukojoa, subiri kidogo ujaribu tena. Wanawake wajifute kutoka mbele kwenda nyuma, wala wasisafishe uke kwa ndani kwa sabuni.

Asali, soda na juisi ya miwa “ya kusafisha mkojo”? Hapana, vinapandisha sukari. Vidonge alivyobakiza jirani usivimeze. Na kama ni muwasho na uchafu mweupe mzito, huenda ni fangasi, wenye dawa tofauti kabisa.

Homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavu ni dalili kwamba maambukizi huenda yamefika kwenye figo. Kwetu Kigoma kila homa huitwa malaria. Usikubali haraka hivyo. Teremka mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, hata kama ni usiku. Beba dawa zako za kisukari zikaonwe, maana baadhi, kama dapagliflozini, hutoa sukari kupitia mkojo.