Ukinasa Redio ya Polisi, Sheria Inasemaje?

SWALI: Mimi ni fundi wa simu hapa Molo mjini. Mteja aliniuzia redio ya mkononi, zile za mabawabu. Usiku nikizungusha masafa nanasa askari wakiitana: mara lori limeanguka Sachang'wan, mara kuna fujo mahali. Je, kusikiliza tu ni kosa?

JIBU: Stesheni ya FM unayoisikiliza ukichuma pareto inatangazia umma, haihitaji ruhusa. Mazungumzo ya polisi, ambulansi au kampuni ya ulinzi yana wenyewe.

Tuanze na chombo. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 inataka mitambo ya redio itumiwe kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Redio yako ina kitufe cha kuongea, kwa hiyo si ya kupokea peke yake. Bawabu huishika chini ya leseni ya kampuni, na leseni hiyo si ya yeyote atakayeinunua redio. Unaweza kushtakiwa kabla hata hujaulizwa ulisikia nini.

Pili, yaliyomo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, kifungu cha 17, inaadhibu kunasa data kwa makusudi bila idhini: faini isiyozidi shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Anayenasa mawimbi ya kidijitali kwa kompyuta asidhani yuko salama.

Neno "makusudi" lina uzito. Kuangukia sauti kwa bahati na kuhama masafa si sawa na kukesha ukirekodi, sembuse kusambaza. Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka papo hapo Sachang'wan. Watu walikimbilia kuteka, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Habari kama hiyo ukiitupa kwenye WhatsApp, unajua nani watafika kwanza wakiwa na mitungi.

UKISHIKWA

Uliza unashikiwa kosa gani, chini ya kifungu kipi. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kupata wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya mahakama ikiwa saa hizo zimeishia wikendi.

Isome hati ya mashtaka. Kifungu cha 31 cha Sheria ile ya 1998 kinawalenga watoa huduma wenye leseni, si fundi wa mtaani. Cha 29, kilichotumiwa sana kuwakamata watu kwa sababu ya ujumbe waliotuma, kilibatilishwa na Mahakama Kuu Aprili 2016. Ukikuta kimojawapo, mwonyeshe wakili.

Polisi wakija kupekua, omba kuona kibali cha mahakama. Wakidai dharura inawaruhusu bila kibali, usipigane nao. Andika majina, namba zao na kila walichobeba.

Kwa sasa izime, wala usimuuzie mwingine. Ukipenda ufundi huu, omba leseni ya redio ya ridhaa kwa Mamlaka. Utaongea na watu wa mbali kihalali, ila masafa ya polisi hayatakuwa yako hata kwa leseni hiyo.