Oili Kwenye Shokabu za Mbele: Usiifunge Kitambaa

Mhudumu wa bodaboda aliyenibeba kutoka Wundanyi kuteremka Mwatate alikuwa amefunga kitambaa kwenye mguu wa kulia wa shokabu ya mbele. Kitambaa kilikuwa cheusi, kimelowa, na kwa vile nilikuwa nimechelewa kwenye mkutano niliokuwa naenda kuuandikia habari, sikuuliza. Kwenye mojawapo ya kona zile kali, gari lilitokea upande wa pili, naye akafinya breki ya mbele. Haikushika. Akakanyaga ya nyuma, gurudumu likateleza, tukaishia mtaroni. Mimi nilichubuka kiwiko na yeye goti. Lori lingekuwa linatufuata nyuma, nisingekuwa naandika makala haya.

Tulipoinua pikipiki, diski ya mbele ilikuwa inang'aa kwa oili. Kijana akaniambia shokabu "inatoka jasho tu", na kwamba kitambaa kilikuwa kimeizuia kwa majuma mawili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikichungulia shokabu za pikipiki zilizoegeshwa kwenye vituo vya Voi, Mwatate na Wundanyi, na vitambaa vya namna hiyo si haba. Ndiyo maana somo la toleo hili linahusu kiraba kidogo kiitwacho sili.

Gurudumu la mbele hushikwa na miguu miwili. Kila mguu una bomba la ndani, lile jembamba linalometameta, ambalo hupanda na kushuka ndani ya bomba la nje lililo nene zaidi. Ndani mna springi na oili. Springi hubeba uzito. Kazi ya oili ni kuituliza ili pikipiki isirukeruke kila inapopita shimo. Mahali mabomba hayo mawili yanapokutana ndipo sili ilipo. Mdomo wake wa raba hukumbatia bomba la ndani na kuizuia oili isipande nalo. Juu yake kuna kifuniko cha raba cha kuzuia vumbi.

Oili ikipungua, mguu huo hubaki na springi peke yake. Ukifunga breki, sehemu ya mbele huzama ghafla. Ukiachilia, huruka juu. Kwenye barabara ya changarawe gurudumu hugusa na kuachana na ardhi, na usukani hutetemeka mikononi. Hilo ni baya, lakini la breki ni baya zaidi. Unapofunga breki uzito mwingi husukumwa mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa. Kwenye pikipiki za diski, kishikio cha pedi kimefungwa kwenye mguu mmojawapo, na ukiwa ndio unaovuja, oili hufuata mteremko hadi kwenye pedi. Wenye breki za ngoma wana nafuu kidogo kwa kuwa ngoma imefunikwa. Nafuu hiyo si kinga. Oili ikiendelea kutiririka hatimaye hupata njia ya kuingia.

Namna ya kutambua ni rahisi, na wakati mzuri ni asubuhi kabla ya kuosha pikipiki. Nasema kabla, kwa sababu wengi wetu huosha kwanza na ushahidi wote huondoka na sabuni. Pangusa bomba la ndani kwa kitambaa kikavu. Simama, shika breki ya mbele, bonyeza usukani chini mara kumi. Tazama bomba. Utando mwembamba usioonekana vizuri ni wa kawaida. Pete ya oili inayobaki kwenye bomba, au mchirizi unaoteremka kwenye bomba la nje, ni sili inayovuja. Vumbi jekundu la Voi hapa linasaidia, maana hugandamana na oili na kufanya tope unaloweza kuliona ukiwa mbali.

Usikimbilie kununua sili mpya. Mara nyingi sili yenyewe ni nzima, ila chembe ya mchanga imenasa chini ya mdomo wake na kuacha mwanya. Nyanyua kifuniko cha vumbi polepole kwa bisibisi bapa, ukisukume juu, usafishe uchafu wote. Kata ukanda mwembamba wa plastiki kutoka kwenye chupa ya soda, kingo zake ziwe laini, uuingize kati ya sili na bomba, uuzungushe pande zote ukivuta uchafu nje. Kamwe usitumie chuma, hata waya. Pangusa, bonyeza tena mara kumi. Ikikauka, umeokoa pesa zako. Ikiwa siku mbili baadaye pete imerudi, basi ni kazi ya fundi, au yako kama una vifaa na subira.

Na hapa niseme jambo kuhusu mipira ya maji ya presha ya sehemu za kuoshea. Ukielekeza maji hayo moja kwa moja kwenye shokabu, unausukuma mchanga chini ya kifuniko cha vumbi, mahali hasa ambapo hukutaka ufike. Ioshe kwa ndoo na kitambaa.

Kubadilisha sili huanza kwa kuweka gogo au kreti imara chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie bila pikipiki kuyumba. Kabla ya kulegeza mguu kwenye vishikio vyake, legeza kwanza kifuniko cha juu cha bomba na bolti iliyo chini kabisa ya mguu, kwa sababu mguu ukishatoka hutakuwa na mahali pa kuushikilia. Kifuniko cha juu kinasukumwa na springi. Kibonyeze kwa kiganja unapomalizia kukifungua, na uso wako usiwe juu yake.

Mguu ukitoka, mwaga oili kwenye chombo, toa springi, fungua bolti ya chini na uvute mabomba yaachane. Ondoa kifuniko cha vumbi, kisha ile klipu ya waya inayoishikilia sili. Sili ya zamani hung'olewa kwa bisibisi iliyoegemezwa kwenye kipande cha mbao, kwa kuwa ukilikwaruza kalio lake, hata sili mpya itavuja kwa nje.

Kabla ya kuweka sili mpya, kagua bomba la ndani. Hili ndilo mafundi wenye haraka huliruka, na ndilo chanzo cha lalamiko kwamba sili za siku hizi ni feki. Pitisha ukucha juu hadi chini. Ukikwama kwenye kidonda cha kutu au alama ya jiwe, kila bomba linapopanda kidonda hicho kinaukata mdomo wa sili kama msumeno. Kidonda kidogo chaweza kulainishwa kwa msasa laini sana, namba 1000 kwenda juu, ulioloweshwa oili, ukiondoa ncha iliyoinuka tu. Kidonda kirefu ni bomba la kubadilishwa. Kisha lilaze bomba juu ya kioo na ulivingirishe. Likidundadunda limepinda, na pikipiki hiyo ilishagonga kitu siku moja, hata kama aliyekuuzia aliapa haijawahi.

Paka sili mpya oili mdomoni. Funika ncha ya bomba kwa mfuko laini wa plastiki ili kingo zisiurarue mdomo inapopita. Upande wenye maandishi hutazama juu, na upande wenye kaspringi hutazama chini kwenye oili. Ipigilie ikiwa imenyooka, ukiweka ile sili ya zamani juu yake na kugonga kwa kipande cha bomba chenye upana unaolingana, hadi mfereji wa klipu uonekane wote. Rudisha klipu, rudisha kifuniko cha vumbi. Fanya miguu yote miwili hata kama unaovuja ni mmoja, kwa vile sili zote mbili zimezeeka pamoja, na ni vizuri miguu yote iwe na oili inayolingana.

Kuhusu oili kuna ubishi mkubwa kwenye magereji. Wapo wanaotia oili ya injini, tena iliyotumika, na wapo wanaoongeza kiasi ili shokabu "iwe ngumu ibebe mzigo". Shokabu ina oili yake, nyepesi kuliko ya injini, na kitabu cha pikipiki yako kinataja aina na kiasi. Kwa pikipiki nyingi ndogo za bodaboda kiasi hicho hakifiki robo lita kwa kila mguu. Kipime kwa chupa yenye alama, au kwa bomba la sindano, si kwa jicho. Juu ya oili lazima ibaki hewa ya kubanwa shokabu inaposhuka. Ukiijaza oili, hewa hiyo hukosa nafasi, shinikizo hupanda, na sili uliyoinunua jana hufumuka leo. Fundi mmoja mzoefu aliyenisaidia kuelewa mambo haya anaamini oili kupita kiasi huua sili kuliko barabara mbovu. Sina hakika kama barabara zetu za kuelekea Mgange zitakubaliana naye, lakini hoja yake ina mashiko.

Ujanja mwingine uachwe. Kukata kaspringi ka sili ili ibane zaidi huizuia oili siku chache na kulikwangua bomba. Grisi iliyopakwa juu hukusanya mchanga. Kitambaa nimeshakisimulia.

Pedi zilizolowa oili hutupwa. Kuzichoma motoni, kama wengi wafanyavyo, hukausha juu tu, na oili iliyomo ndani hurudi pedi ikipata joto mteremkoni. Diski husafishwa kwa spiriti na kitambaa safi. Baada ya kufunga kila kitu, finya breki ya mbele mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla ya kupanda, na uende polepole mahali tambarare kwanza. Oili chafu usiimwage mtaroni. Mitaro yetu huishia mitoni, na wapo wanaoyachota maji hayo. Itie kwenye mtungi na uipeleke kwenye gereji inayokusanya.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka chombo kinachotumika barabarani kiwe katika hali isiyohatarisha watu, kwa hiyo afisa akikusimamisha kwa ajili ya shokabu inayochuruzika hajakuonea.

Nawe abiria, una macho. Kabla hujapanda, huku ukifunga kofia yako, tupa jicho kwenye miguu ya mbele. Ukiona tope la oili au kitambaa kimefungwa, mwambie mhudumu taratibu kwamba utamsubiri wa pili. Mimi siku hizi hufanya hivyo hata nikiwa nimechelewa, na kijana yule wa Wundanyi, ambaye bado hunibeba, hunitangulia kwa kuipangusa shokabu yake kwa kidole na kunionyesha kwamba ni kavu.