KUPASUA MBAO NENE NGUMU KWA MSUMENO WA RELI



Tangu umeme wa Tanga ulipofika Pemba kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, misumeno ya umeme imeingia mpaka mashambani, na sasa baadhi yetu wanao ule unaoteleza juu ya reli ya aluminiamu. Ni chombo kizuri, maana reli huuzuia mkono usipotoke. Lakini ubao wa mfenesi wa inchi 3, uliokaushwa muda mrefu kwa ajili ya fremu ya mlango, si ubao wa kufanyia majaribio.

Kwanza tupime kina. Bledi ya milimita 160 hushuka kadiri ya milimita 55. Ya milimita 210 hushuka kadiri ya 75, nayo bado haimalizi inchi 3 kamili. Basi ubao huo hauna budi kukatwa pande mbili. Mstari uchorwe juu, ushushwe kwa skwea vichwani, kisha uchorwe na chini. Reli ikae juu ya kipande tunachokitaka safari zote mbili. Tukiiweka juu ya kipande cha pili baada ya kugeuza, unene wa bledi utakula mbao yetu, na mikato haitakutana.

Jambo la meno ndilo linalowapoteza wengi. Watu hudhani meno mengi ndiyo ukali. Bledi ya meno 48 hufaa kwa kukatiza nyuzi za mti. Lakini katika kupasua, nyuzi hutoka ndefu, nazo zataka nafasi baina ya jino na jino. Nafasi ikiwa finyu unga hujazana, bledi hupata moto na kuyumba, na mbao hutoka nyeusi kama kijinga cha mekoni. Kwa kupasua yafaa meno 12 hadi 18, tena makali.

Wala msumeno usishushwe wote kwa mara moja. Safari ya kwanza iwe ya milimita 5 tu, kufungua njia. Zinazofuata ziongezwe milimita 15 au 20, na reli isiondolewe mahali pake. Tusikilize mota: sauti ikizama, tupunguze kusukuma. Lakini tusikawie mahali pamoja, maana huko nako ni kuunguza.

Hatari kubwa ni kubanwa. Mti mgumu una nguvu zilizofungwa ndani. Ukipasuliwa, pande mbili huweza kusogeleana zikaiminya bledi, na msumeno ukajirusha nyuma ghafula kumwelekea aliyeushika. Vidole haviotezwi tena. Kwa hiyo tusimame kando ya mstari, si nyuma yake. Reli ifungwe kwa majiliwa mawili. Ubao ulale juu ya mbao za taka urefu wake wote. Ufa ukianza kujifunga, tuuzime msumeno, tungoje bledi isimame kabisa, ndipo tuuinue na kutia kabari nyembamba katika ufa. Ulimi wa chuma ulio nyuma ya bledi using'olewe, hata fundi akisema unamzuia.

Waya wa kuungia uwe mnene na mfupi, tena ukunjuliwe wote, kwani katika waya mwembamba mrefu umeme hupungua njiani na mota huungua. Vumbi la mvule huwasha pua na macho; barakoa ivaliwe.

Na kwa waliouliza habari ya mikarafuu: hiyo haikatwi bila kibali. Kibali kwanza, msumeno baadaye.