Somo la Amani: Mchezo wa Maswali juu ya Mashujaa Wetu



Katika miji yetu ya Katanga vijana wanapenda sana mchezo wa maswali na majibu. Wanafunzi wengi wanauita Génies en herbe. Timu mbili zinakaa mbele ya watu, mwezeshaji anasoma swali, anayejua anapiga kengele. Mchezo huu hauombi pesa nyingi: meza mbili, kengele mbili, saa moja na karatasi ya maswali. Kwa hiyo tunautumia katika kazi ya kupatanisha vijana. Lakini ukitayarishwa vibaya unaweza kuamsha ugomvi uliokuwa umelala.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili, mwezeshaji ataweza:
- kutofautisha swali la kujua na swali la kujadili;
- kupanga timu zinazounganisha vijana;
- kutayarisha maswali yasiyomdharau mtu.

YALIYOTUPATA

Mara ya kwanza nilipotayarisha mchezo huu, katika mji mmoja wa Katanga ya Juu, nilipanga timu kwa kufuata kata. Kata moja ilikuwa na familia nyingi zenye asili ya Kasai. Ya pili ilikuwa na wenyeji wengi wa Katanga. Sikulifikiria jambo hilo. Tena niliandika swali hili: «Ni shujaa gani wa taifa aliyeuawa na wasaliti hapa kwetu Katanga?»

Msichana mmoja alipiga kengele, akajibu: «Patrice Lumumba.» Nikampa pointi. Hapo kijana wa timu ya pili akasimama: «Yaya, hao wasaliti ni nani? Babu yangu alikuwa askari wa Tshombe. Unamtukana babu yangu mbele ya watu?» Kabla sijajibu, sauti ikatoka upande wa pili: «Si nyinyi mliotufukuza?»

Wote mnajua maana ya neno hilo. Katika miaka ya 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga. Watu walilala siku nyingi kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakingoja safari, na wengine walifia hapo au njiani. Vijana waliokuwa wakipigiana kelele ukumbini walikuwa hawajazaliwa wakati huo. Walirithi uchungu kutoka kwa wazazi wao, na neno langu moja lilitosha kuutoa nje.

Tulisimamisha mchezo. Niliomba msamaha kwa neno «wasaliti», kwa sababu kosa lilikuwa langu. Kisha tuliketi wote kwa duara, tukazungumza mpaka jioni.

TULIYOJIFUNZA

1. Swali la kengele liwe na jibu moja linaloweza kuhakikishwa.
«Lumumba alikufa tarehe gani?» ni swali la kujua. Jibu ni 17 Januari 1961, na yeyote anaweza kulihakikisha. «Nani alikuwa msaliti?» ni swali la kujadili. Halina kengele wala pointi. Mahali pake ni kwenye duara, baada ya mchezo, pale kila mmoja anapopewa nafasi ya kusema na ya kusikilizwa. Mwezeshaji akimpa mtu pointi kwa hukumu, amechagua upande.

2. Changanya timu.
Weka katika kila timu vijana wa kata zote, wavulana na wasichana. Hapo kijana anamhitaji jirani yake ili ashinde. Yule aliyemwita adui anakuwa ndiye mwenye jibu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

3. Chagua mashujaa kutoka pande zote za inchi.
Kama maswali yote yanasifu watu wa jimbo moja, wengine watajiona wageni katika inchi yao. Waweke wanawake, waweke wafanyakazi wa kawaida, wasiwe marais na askari peke yao.

4. Hakikisha majibu, maana yanabadilika.
Vitabu vingi vya zamani vinasema Kongo ina majimbo 11. Tangu 2015 ni 26. Vinasema Sudan ni jirani yetu. Tangu 2011 jirani ni Sudan Kusini. Jibu la uongo linaleta kelele, na vijana wanaacha kumwamini mwamuzi.

MFANO WA MASWALI

Swali: Ni nani waliouawa pamoja na Lumumba?
Jibu: Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mwaka 2022 Ubelgiji ulirudishia familia jino la Lumumba. Jino hilo lilipitishwa pia Shilatembo, karibu na Lubumbashi, mahali alipouawa, kabla ya kuzikwa Kinshasa.

Swali: Ni nani aliyetangaza kujitenga kwa Katanga 11 Julai 1960, kisha akawa waziri mkuu wa Kongo nzima mwaka 1964?
Jibu: Moïse Tshombe. Swali hili halimsifu wala halimtukani. Linawasaidia vijana kuona kwamba maisha ya mtu mmoja yana kurasa nyingi.

Swali: Ni mtumishi gani wa Mungu, mzaliwa wa Nkamba katika Kongo ya Chini, aliyefia kifungoni Lubumbashi mwaka 1951, baada ya miaka 30?
Jibu: Simon Kimbangu. Tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko ya taifa kwa kumkumbuka.

Swali: Ni nani mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika inchi yetu?
Jibu: Sophie Kanza, mwaka 1966.

Swali: Ni kijana gani wa Goma, mfanyakazi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, aliyeuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kibovu kisiuziwe watu?
Jibu: Floribert Bwana Chui. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mwezi wa Juni 2025.

Swali: Ni jambo gani lililotokea Lubumbashi tarehe 9 Desemba 1941?
Jibu: Wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara wa haki, na askari wa mkoloni waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira. Kiongozi wao Léonard Mpoyi aliuawa pamoja na wengine wengi.

Swali hili la mwisho tunalipenda sana. Kampuni ile ilikuwa imeleta wafanyakazi kutoka pande nyingi, Katanga na Kasai pia. Njaa yao ilikuwa moja na madai yao yalikuwa mamoja. Vijana wengi wanalisikia jambo hili kwa mara ya kwanza, na mara nyingi ukumbi unanyamaza.

BAADA YA MCHEZO

Zawadi iwe ndogo, daftari na kalamu, na timu zote mbili zipate. Kisha fanyeni duara kwa muda wa nusu saa au zaidi.

Yule kijana hakuja juma lililofuata. Alikuja juma la tatu. Tulimweka katika timu moja na yule msichana, na hawakuamkiana. Liliposomwa swali la mwaka 1941, msichana alimnong'oneza jibu, kijana akapiga kengele. Sisemi kwamba wamepatana. Nasema walishangilia pointi moja pamoja, na baadaye kijana akauliza kama babu yake anaweza kualikwa kwenye duara. Alikuja, na watu wa pande zote mbili walimsikiliza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kata yenu, ni jina gani ambalo wengine wanaliheshimu na wengine linawaumiza? Kwa nini?
2. Je, mtu anaweza kuwa shujaa bila kushika silaha? Toeni mfano wa mtu mnayemfahamu.
3. Andikeni maswali matano ya kengele juu ya mahali penu. Mpeni kijana wa kabila lingine ayasome kwanza. Ni neno gani ameomba liondolewe?