SOMO LA TAWI: Kijana Akitaka Shahada ya Pili Makerere, Hesabu Ianzie Mwaka wa Pili

Ndugu wafanyakazi, somo la safari hii huenda likawashangaza baadhi yenu. Mtasema, mkata miwa na shahada ya pili, wapi na wapi? Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba. Lakini katika matawi yetu ya upande wa Jinja wako sasa watoto wa wafanyakazi, na wafanyakazi wenyewe wa maabara, wa karakana na wa ofisi ya mishahara, ambao wana shahada ya kwanza na wanataka kuendelea na masomo Kampala. Wakitaka kuendelea huja kwetu. Tawi liandike barua, Sacco itoe mkopo, wazee wachange. Kwa hiyo jambo hili ni letu, maana fedha ni zetu.

Miaka michache iliyopita tulimchangia kijana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupima utamu wa miwa inapofika kiwandani. Kamati ilipiga hesabu ya ada ya mwaka wa kwanza, ikapatikana, tukapiga makofi. Mwaka ule wa kwanza alifaulu masomo yote. Mwaka wa pili akarudi nyumbani hana shahada, ana deni, na watu wakaanza kunong'ona kwamba amekula jasho la wakata miwa. Hakula. Nilikaa naye jioni nzima tukapitia karatasi zake moja moja, nikaona kosa lilikuwa la sisi wanakamati. Tulihesabu nusu ya safari, tukamsukuma aende.

Sasa amekuja binti mwingine, mtoto wa dereva wa trekta, ana shahada ya kilimo, anataka barua na mkopo. Kabla hatujamjibu, tujifunze.

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kikawa chuo kikuu cha taifa mwaka 1970. Shahada ya pili pale kwa kawaida ni ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza mwanafunzi huingia darasani na kufanya mitihani, kama alivyozoea. Mwaka wa pili hufanya utafiti wake mwenyewe na kuandika kitabu chake, kinachoitwa tasnifu. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Darasani kuna saa na ratiba, mwalimu huja na mtihani huja. Katika tasnifu hakuna kengele. Kwanza mwanafunzi huandika pendekezo la utafiti na kusubiri likubaliwe. Kisha huenda shambani au kiwandani kukusanya habari, hulipia vipimo vya maabara, huandika, humpelekea msimamizi, na husubiri asomewe. Msimamizi naye ana wanafunzi wengine wengi na ana safari zake. Baadaye wapimaji wa ndani na wa nje ya chuo huisoma tasnifu, naye huitwa kujitetea mbele ya jopo, halafu hurudi kusahihisha. Kila muhula unaopita akiwa bado anaandika ni lazima ajiandikishe tena na kulipa. Yule kijana wetu hakushindwa akili. Alikwamia kwenye malipo ya vipimo vya maabara, akaona haya kutuambia, akanyamaza.

Tena hakujua kwamba chuo kina utaratibu wa kuomba rasmi kusimamisha masomo kwa muda. Mtu aliyeomba ruhusa hurudi mlangoni na barua mkononi. Aliyetoroka kimya hurudi na maswali.

Tuje kwenye fomu. Anayeomba shahada ya pili anatakiwa awe na shahada ya kwanza ya chuo kinachotambuliwa, na kwa kawaida daraja lake lisiwe chini ya daraja la pili la chini. Atatoa cheti, karatasi ya matokeo ya masomo yote, na vyeti vyake vya sekondari. Siku hizi maombi hujazwa kwa kompyuta na ada ya fomu hulipwa benki. Mwaka wa masomo huanza Agosti, lakini tangazo la maombi hutoka miezi mingi kabla, na wetu wengi huamka Julai. Aliyesoma nchi nyingine, kama wenzetu waliotoka Kongo au Burundi, apeleke vyeti vyake mapema kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu vilinganishwe na vya hapa. Na kama bado anadaiwa ada na chuo chake cha kwanza, alipe kwanza, maana karatasi ya matokeo haitatoka.

Jambo moja linawasumbua zaidi watoto wa kambi zetu, nalo ni majina. Mtoto aliandikishwa shule ya msingi kwa jina la babu, kanisani au msikitini akapewa jingine, na kitambulisho cha taifa kikaja na herufi iliyogeuzwa. Sisi tuliokuwa tukiitwa kwa namba kwenye orodha ya mnyapara hatukuona neno. Lakini ofisi ya chuo ikiona majina matatu huona watu watatu. Kurekebisha kunahitaji wakili, kiapo, fedha na majuma kadhaa. Leo jioni kila mzazi atoe vyeti vya mtoto wake sandukuni avilinganishe herufi kwa herufi, hata kama mtoto bado yuko sekondari.

Kuhusu barua, fomu huomba watu wanaomjua mwombaji kimasomo. Hapo barua ya mwenyekiti wa tawi haitoshi, hata iwe na muhuri mkubwa namna gani. Aandike mwalimu aliyemfundisha. Barua yetu sisi ina kazi nyingine, nayo ni kwa mwajiri na kwa wafadhili. Tusiijaze sifa kwamba ni kijana mwenye adabu. Tuseme amefanya kazi gani, miaka mingapi, na utafiti wake utafaa nini hapa shambani.

Nikitaja wafadhili, nataka mfahamu jinsi mlango huu unavyofunguka. Wengi hudhani ufadhili ni bahati, kama bahati nasibu. Katika kilimo mara nyingi sivyo. Uko umoja wa vyuo vikuu vya Afrika unaoitwa RUFORUM, ulioanzishwa mwaka 2004, na ofisi zake ziko Kampala. Umoja huo umekuwa ukitoa fedha za utafiti kwa wahadhiri, na mhadhiri akipata fedha hizo huchukua ndani yake wanafunzi wa shahada ya pili. Maana yake, kabla ya kujaza fomu, binti yetu aulize katika idara ni mhadhiri gani ana utafiti unaoendelea, amwandikie, aende kumwona. Anayekaa nyumbani kungoja tangazo la gazeti atakuta nafasi zimekwisha. Ufadhili wa DAAD wa Ujerumani nao husaidia Waafrika kusoma Afrika, lakini hutazama mwombaji amemaliza shahada ya kwanza lini, na zaidi ya miaka sita humtoa katika mbio. Bodi ya serikali ya mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, imewasaidia hasa wa shahada ya kwanza na diploma, kwa hiyo tusiiwekee tumaini kubwa katika jambo hili.

Sasa mji. Nitapiga hesabu ya mfano tu, kila tawi liweke bei litakazoziona lenyewe. Tuseme chumba kimoja, kile tunachokiita muzigo, ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Kwa miezi 24 ni 4,800,000. Tuseme anakula kwa shilingi 10,000 kwa siku. Kwa mwaka ni 3,650,000, na kwa miaka miwili ni 7,300,000. Jumla ni 12,100,000, na bado hajalipa ada, hajapanda teksi, hajanunua kitabu wala dawa ya malaria. Ndugu zangu, kima cha chini cha mshahara katika nchi hii kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha sheria mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuitia sahihi. Basi chakula cha siku moja katika mfano wangu kinazidi kima kile cha mwezi mzima! Hilo ni somo la siku nyingine.

Katika hesabu hii kuna mahali pa kuokoa. Hosteli za Kikoni na Wandegeya hulipwa kwa muhula, na muhula ni kama majuma 17. Zimepangwa kwa ajili ya vijana wa shahada ya kwanza wanaokwenda likizo. Mtu wa tasnifu hana likizo, na hosteli itamdai tena au itamfungia mlango. Kwake yeye chumba cha kulipa kwa mwezi, hata mbali kidogo upande wa Nakulabye, kinafaa zaidi. Aulize pia nafasi katika Dag Hammarskjöld, bweni la wanafunzi wa shahada za juu. Asikimbilie bei ya chini ya bondeni Katanga bila kwenda kuona mvua ikinyesha. Maji huingia ndani, na karatasi za utafiti haziogelei. Kikomando, yaani chapati na maharage, itamshibisha kwa fedha kidogo, lakini jiko lake mwenyewe na unga wa posho kutoka nyumbani vitamfikisha mbali zaidi. Jinja si mbali, ni kama kilomita 80. Gunia linasafiri.

Na mwaka wa pili, kama utafiti wake unahusu miwa, kwa nini akae Kampala miezi yote? Akusanye habari hapa kwetu akilala kwa wazazi, aende Kampala siku za kuonana na msimamizi. Hili lipangwe na msimamizi tangu mwanzo, kabla ya kulipia chumba cha mwaka mzima.

Mwisho ni kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatupa siku saba za likizo kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka. Kwa siku hizo mtu hawezi kusoma shahada. Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha mwaka 1974 Mkataba Namba 140 juu ya likizo ya masomo yenye malipo, na majirani zetu Kenya na Tanzania waliuridhia. Kwetu njia ya karibu ni mkataba wa pamoja na mwajiri. Tudai kifungu cha likizo ya masomo, hata kama ni nusu mshahara, na ahadi kwamba atakayerudi atakuta nafasi yake. Yule kijana wa maabara aliacha kazi ili aende kusoma. Aliporudi akaanzia chini, kama kibarua mpya.

Tawi likutane Jumapili na kalamu. Kwanza mjadili kama mkopo wa Sacco utolewe wote mwanzoni, au nusu ibakizwe hadi pendekezo la utafiti likubaliwe. Mimi nasema nusu ibakizwe, lakini wako wanaonipinga na wana sababu zao. Pili, nani katika kamati atamtembelea mwanafunzi kila muhula, na nauli yake itatoka wapi? Tatu, yule kijana wetu amebakiza vipimo vya maabara na sura mbili za kuandika. Je, tumalize kwanza tulichokianza, au tumpe fedha binti wa dereva? Mtuletee majibu kabla ya toleo lijalo.